Gemu au roketi: Ni nani hasa analipia teknolojia inayofika Kilimanjaro?

Na Mwandishi Wetu, Moshi

UKIPITA vichochoro vya jirani na soko la Mbuyuni mjini Moshi saa kumi na moja jioni, wanafunzi wakiwa wametoka shuleni, hutakosa kusikia makelele ya vijana waliobanana mbele ya televisheni. Hicho ni kibanda cha gemu. Wawili wameshika pedi, wengine wanangoja zamu, na mwenye kibanda amekaa mlangoni akipokea sarafu na noti za mechi.

Panda gari la kwenda Kibosho au Machame, nako utakuta shughuli ya aina nyingine. Huko unaweza kumwona karani wa chama cha msingi cha ushirika akienda kihamba hadi kihamba na simu mkononi. Anasimama katikati ya migomba na mibuni, anangoja simu inase mawimbi ya setilaiti, kisha anaandika tarakimu mbili ndefu zinazoonyesha shamba lilipo duniani. Kahawa isiyo na tarakimu hizo inaelekea kupata taabu kuingia katika soko la Ulaya.

Watu hawa wawili hawafahamiani, lakini wote wamo katika ubishi mmoja wa siku nyingi: kati ya michezo ya video na safari za anga za juu, ni kipi kinachosukuma teknolojia mbele na kuvuta fedha? Wengi hujibu upesi kwamba roketi ni jambo la heshima na gemu ni upuuzi wa watoto. Safu hii imepitia hesabu, na hesabu hazikubaliani na jibu hilo. Wala hazisemi kwamba gemu ndiyo kila kitu. Zinaonyesha kwamba kila upande hulipia hatua yake. Serikali hununua kitu kikiwa bado ghali na hakina mteja. Kisha wachezaji hukinunua mara mamilioni hadi bei inashuka na sisi wengine tunakimudu. Kwa mfanyabiashara wa Moshi, swali lenye manufaa ni kujua bidhaa iliyo mbele yake imefika hatua gani, na nani atakayebaki ameishika mwisho wa safari.

Kodi ilinunua za kwanza

Tuanze na anga za juu. Katika miaka ya 1960 Marekani iliamua kumfikisha mtu mwezini, na mwaka 1966 shirika lake la anga, NASA, lilitumia takriban asilimia 4.4 ya bajeti yote ya serikali kuu ya nchi hiyo. Chombo cha Apollo kilihitaji kompyuta ndogo ya kukiongoza. Kompyuta hiyo ilitengenezwa kwa chipu, bidhaa ambayo wakati huo ilikuwa changa, ghali na isiyo na soko la kueleweka. Inakadiriwa kuwa mwaka 1963 mradi wa Apollo peke yake ulichukua kiasi cha asilimia 60 ya chipu zilizotengenezwa Marekani.

Mfanyabiashara ataelewa mara moja maana ya jambo hilo. Kiwanda kikipata mteja mmoja mkubwa, anayelipa na asiyetishwa na bei, hupata nafasi ya kujifunza. Bidhaa mbovu hupungua na gharama ya kila kipande hushuka. Hakuna mwenye duka la redio ambaye angethubutu kubeba hasara ya mwanzo. Mlipa kodi aliibeba bila kuulizwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa GPS, mtambo wa setilaiti unaoiwezesha simu kujua ilipo. Huo haukuanza kwa ajili ya wakulima wala madereva wa teksi. Ulilipiwa na jeshi la Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, mfumo ukakamilika mwaka 1995, na Mei 2000 serikali hiyo ikaacha kupunguza makusudi usahihi wa vipimo kwa raia. Kilimanjaro wenyewe uliwahi kupimwa kwa njia hiyo. Vipimo vya mwaka 1999 vilitoa urefu wa mita 5,892 na ushei, pungufu kidogo ya zile 5,895 ambazo kila mtoto wa shule amezikariri tangu upimaji wa mwaka 1952.

Afrika Mashariki haikuwa mbali na shughuli hizo. Kituo cha kufuatilia vyombo vya Mercury kilijengwa Tunguu, Unguja, na kilikuwa kazini John Glenn alipoizunguka dunia Februari 1962. Kilifungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Nchini Kenya, Waitaliano walirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni karibu na Malindi, kati ya miaka 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, iliruka kutoka hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza mionzi ya eksirei inayotoka katika nyota. Aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, alikuwa mmoja wa waliopata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Jina lilikuwa la Kiswahili na pwani ilikuwa yetu. Lakini viwanda, ujuzi na wateja vilikuwa kwingine. Msomaji alikumbuke hilo, maana tutalirudia tukifika kwenye kahawa.

Sarafu zikafuata

Mwaka 1972 unafaa kuangaliwa kwa makini. Mwezi Julai Marekani ilirusha Landsat ya kwanza, setilaiti ya kupiga picha za ardhi. Mwezi Desemba Apollo 17 ilikwenda mwezini, na tangu hapo hadi mwisho wa karne hakuna mtu aliyekanyaga huko tena, kwa kuwa serikali ilikuwa imekaza mkoba. Kati ya matukio hayo mawili, mwezi Novemba, kampuni ya Atari ilitoa Pong, mchezo mfano wa tenisi ya mezani uliochezwa kwenye kioo kwa kutumbukiza sarafu ya robo dola.

Robo dola ni fedha ndogo, lakini ina tabia ambazo fedha za serikali hazina. Hurudi kesho yake, haingoji kikao cha bunge, na humwadhibu upesi mtengenezaji anayeleta bidhaa mbovu. Mashine ya PlayStation 2 iliyotolewa mwaka 2000 iliuzwa zaidi ya milioni 150. Mwaka 2023 mauzo ya michezo ya video duniani yalikadiriwa kupita dola bilioni 180. Bajeti ya NASA mwaka 2024 ilikuwa takriban dola bilioni 25, chini ya nusu ya asilimia moja ya matumizi ya serikali ya Marekani.

Fedha hizo za wachezaji zilikwenda wapi? Sehemu yake ilikwenda kutafuta picha safi zaidi. Kila mchezo mpya ulidai majani yatikisike na maji yang'ae, na kazi hiyo huhitaji chipu inayofanya hesabu ndogo nyingi kwa wakati mmoja. Kampuni ya Nvidia ilianzishwa mwaka 1993 kwa ajili hiyo. Ilikaribia kufa mapema baada ya kazi yake kwa kampuni ya michezo ya Sega ya Japani kwenda mrama. Sega ikakubali kuweka humo dola milioni 5, na fedha hizo zikaipa Nvidia muda wa kutengeneza bidhaa nyingine. Mwaka 1999 iliuza hisa kwa umma kwa dola 12 kila moja.

Mwaka 2006 Nvidia ilitangaza njia ya kuzitumia kadi zake za picha kwa hesabu za kawaida, zisizohusu michezo. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walitumia kadi mbili za gemu, za aina inayouzwa madukani, kuifundisha kompyuta kutambua vitu katika picha, wakawashinda washindani wao kwa mbali. Hapo ndipo wimbi la sasa la akili mnemba lilipopata nguvu. Hadi mwaka wake wa fedha wa 2016 zaidi ya nusu ya mapato ya Nvidia yalitoka kwa wachezaji. Kufikia mwaka wa fedha wa 2023 vituo vya kompyuta vililipa takriban dola bilioni 15 na gemu takriban bilioni 9. Julai 2025 ikawa kampuni ya kwanza duniani kufikisha thamani ya dola trilioni 4.

Serikali yenyewe iligundua kwamba duka la vifaa vya michezo ni rahisi kuliko mnunuzi wake wa zabuni. Mwaka 2010 Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha zaidi ya mashine 1,700 za PlayStation 3 kuwa kompyuta moja kubwa. Mtoto wa mjini alikuwa ameshailipia teknolojia hiyo.

Roketi nazo zimejifunza tabia ya sarafu. Kampuni ya SpaceX ilishindwa mara tatu kufikisha roketi yake angani kabla ya kufaulu Septemba 2008. Desemba mwaka huo NASA iliipa mkataba wa dola bilioni 1.6 wa kupeleka mizigo kwenye kituo cha anga, na mkataba huo ukaiokoa. Leo sehemu kubwa ya biashara yake ni intaneti ya setilaiti inayolipiwa kwa mwezi, ambayo Kenya iliipata mwaka 2023. Aprili mwaka huo huo roketi yake ilibeba Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyogharimu kiasi cha shilingi milioni 50 za nchi hiyo. Kwa maneno mengine, mwanzo ulilipiwa na kodi, na ukuaji unalipiwa na wateja.

Hesabu ya kibanda

Kabla ya kupanda mlimani, turudi Mbuyuni, kwa sababu wengine wetu huenda tumeshavutiwa na biashara hiyo. Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Kila mmoja aweke bei za mtaa wake.

Tuseme mtu ana mashine mbili zilizotumika na televisheni mbili, mtaji wa Sh. 1,600,000. Kila mashine inachezwa mechi 30 kwa siku kwa Sh. 300. Hiyo ni Sh. 18,000 kwa siku, na kwa siku 26 ni Sh. 468,000. Toa pango Sh. 80,000, umeme Sh. 60,000, kijana wa kusimamia Sh. 150,000 na matengenezo ya pedi Sh. 40,000. Jumla ya matumizi ni Sh. 330,000 na kinachobaki ni Sh. 138,000 kwa mwezi. Mtaji utarudi baada ya mwaka mmoja hivi, ikiwa umeme haukukatika na jirani hakufungua kibanda kingine.

Biashara hii inalipa, lakini hailipi kwa kishindo. Tatizo lake ni kwamba mwenye kibanda yuko mkiani mwa mnyororo. Mchezo umetungwa kwingine, chipu imebuniwa kwingine, na mashine ikizeeka yeye ndiye anayebaki nayo. Wateja wake wengi ni watoto wa shule, kwa hiyo anagombana pia na wazazi na walimu, na asipoweka masharti ya saa za masomo atastahili lawama hizo. Hata hivyo, kijana anayekusanya Sh. 300 mara 60 kwa siku anaelewa jambo ambalo baadhi ya wenye mitaji mikubwa hawalielewi: malipo madogo yanayojirudia hujenga mtaji.

Vinapokutana kwenye kihamba

Sasa twende kwenye kahawa, ambako roketi na gemu vinakutana na mfuko wa msomaji wetu.

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria inayozuia kuingiza kahawa, kakao na mazao mengine yaliyolimwa kwenye ardhi iliyokatwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji wake, ambao awali ungeanza mwishoni mwa 2024, uliahirishwa, lakini wanunuzi wanaojipanga hawangoji siku ya mwisho. Sheria inamtaka mwagizaji awe na ramani ya kila shamba. Kwa shamba lisilozidi hekta nne, nukta moja ya ramani inatosha, iliyoandikwa kwa tarakimu sita baada ya desimali. Vihamba vya Kilimanjaro vingi viko mbali sana chini ya kiwango hicho, kwa hiyo karani mwenye simu ya kawaida anaweza kuimaliza kazi hiyo kwa dakika chache kila shamba.

Nukta hiyo hutoka kwenye setilaiti za GPS. Baada ya hapo inalinganishwa na picha za setilaiti nyingine, kama vile Sentinel-2 za Ulaya zilizoanza kurushwa mwaka 2015, ambazo picha zake hutolewa bure. Mamilioni ya picha kama hizo hayawezi kusomwa na binadamu. Yanasomwa na kompyuta zilizofundishwa kwa chipu za ukoo ule ule wa gemu. Kodi ililipia jicho la juu, na wachezaji wakalipia ubongo wa kulisomea.

Shida ni kwamba jicho hilo linaweza kukosea. Kihamba cha Mchagga si shamba la kahawa tupu. Juu ya mibuni kuna migomba, na juu ya migomba kuna mringaringa, mruka na miti mingine ya kivuli. Mwaka 2011 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo hicho cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa dunia wa kilimo. Lakini katika picha ambayo nukta yake moja ni mita kumi kwa kumi, kivuli hicho kinaweza kuonekana kama msitu. Mkulima akipunguza matawi ya miti yake, mashine inaweza kudhani amekata msitu. Atakayeweza kuthibitisha kwamba pale pamekuwa kihamba tangu enzi za babu ni yule mwenye kumbukumbu zilizoandikwa vizuri.

Ndiyo maana tunasema mwenye ramani ndiye atakayekuwa na sauti kwenye bei. Orodha ya nukta ikikusanywa na kampuni ya kununua kahawa na kubaki mikononi mwake, wanachama watajikuta wamefungwa kwa mnunuzi huyo hata kama mwingine anatoa bei nzuri zaidi. Ikikusanywa na chama cha msingi na nakala ikabaki ofisini kwake, chama kinaweza kuipeleka mnadani pamoja na kahawa. Hapa ndipo somo la Tunguu na Ngomeni linapotuhusu. Kuwa na eneo tu hakuleti faida.

Lyamungo ilishatuonyesha

Mgawanyo huu wa kazi, serikali mwanzo na wateja baadaye, si mgeni Kilimanjaro. Utafiti wa kahawa umekuwepo Lyamungo tangu miaka ya 1930. Aina za N39 na KP423 zilizopandwa kwa miaka mingi zilitoka huko. Taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, iliyorithi kituo hicho, ilianza kutoa aina chotara mwaka 2005 zinazohimili ugonjwa wa chulebuni na kutu ya majani. Hakuna mkulima mmoja ambaye angeweza kungoja miaka yote hiyo kwa fedha zake. Gharama ilibebwa kwa pamoja na serikali, wadau wa zao na wafadhili.

Lakini mche uliobaki kituoni haukumnufaisha mtu. Aina hizo hufika mashambani pale watu wanapofungua vitalu na mkulima anapotoa fedha yake kununua miche kumi mwaka huu na ishirini mwaka ujao. Anayesema utafiti wa umma ni upotevu wa fedha hajauona mbuni unaokauka kwa chulebuni. Na anayedhani utafiti peke yake unatosha hajahesabu miche iliyozeea kitaluni.

Mwenye akiba afanyeje

Msomaji atauliza: je, ninunue nini? Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hakuna kampuni ya roketi wala ya kutengeneza gemu. Iliyo karibu zaidi na malipo madogo yanayojirudia ni Vodacom Tanzania, iliyoorodheshwa mwaka 2017 baada ya kuuza hisa kwa Sh. 850. Hatusemi inunuliwe wala isinunuliwe. Tunasema isomwe kwa jicho hilo. Na anayesikia habari za Nvidia na kutamani, akumbuke kwamba hisa hiyo iliwahi kupoteza zaidi ya nusu ya thamani yake mara kadhaa, ikiwemo miaka ya 2002, 2008 na 2022. Aliyenunua kwa fedha ya ada ya watoto hakuweza kungoja.

Mtu akikuletea mradi wenye neno "setilaiti" au "akili mnemba", na wapo wanaozunguka na maneno hayo hapa mjini, muulize maswali matatu. Kwanza, mteja wa kwanza ni nani na ameshalipa? Sega na NASA walilipa kwanza, ndipo Nvidia na SpaceX zikapona. Pili, mteja huyo atalipa tena mwezi ujao, au ni ruzuku ya mara moja? Tatu, mradi ukifa, mimi nitabaki na nini mkononi?

Kwa vyama vya msingi, hatua iliyo karibu haihitaji mtaji wa kutisha. Simu moja nzuri, karani mmoja, daftari na nakala mbili za orodha vinatosha kuanza. Gharama ikigawanywa kwa wanachama wote, kila mmoja atatoa kiasi kisichozidi sana mechi chache za pale Mbuyuni. Setilaiti zimeshalipiwa na walipa kodi wa nchi nyingine, na chipu zimeshalipiwa na watoto wa dunia nzima. Kazi iliyobaki ni ya kuandika nukta zetu wenyewe kabla mtu mwingine hajatuandikia.